Kuvua hatamu: miezi saba na farasi 24 wa Numidia

Kosa la kwanza nililifanya kabla hata sijashika kisu: nilinunua farasi kwa kuangalia bei.

Ilikuwa kwenye meza ya vitu vya mtumba, katika ukumbi wa kanisa ambako klabu yetu ya michezo ya vita ya mezani hukutana kila Jumanne usiku, hapa Leicester. Maboksi mawili ya wapanda farasi wa plastiki, kumi na wawili kila boksi, paundi 20 yote mawili. Boksi moja jipya peke yake linazidi bei hiyo. Picha ya juu ilikuwa ya wapanda farasi wazito wa Kimakedonia: vifua vya shaba, tandiko la ngozi ya chui, lijamu, vigwe, mapambo hadi kwenye paji la farasi. Mimi nilikuwa nataka Wanumidia, wapanda farasi wepesi wa kale wa Afrika Kaskazini, ambao hawakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Nikajiambia farasi ni farasi tu, nitawageuza.

Nilitumia miezi saba na paundi 125. Naandika haya kwa sababu kuna mwenzangu mmoja ameniuliza juzi pa kuanzia, na nilipoanza kumjibu nikaona jibu halitoshi kwenye simu.

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga, na aliyenivuta kwenye mambo haya ni mwenzangu wa zamu ya usiku. Nilienda nikidhani ni michezo ya watoto. Nikakuta wazee wenye mvi wakibishana kwa adabu kubwa juu ya ukubwa wa ngao. Mchezo wenyewe unaeleweka haraka: kila upande una jeshi la vijisanamu mezani, wa kwetu wana urefu wa kama milimita 28 mtu mmoja, mwendo unapimwa kwa rula, na kete ndiyo inayoamua nani kakimbia na nani kasimama. Usiku ule walikuwa wanacheza vita vya Zama, vya mwaka 202 KK, katika nchi ambayo leo ni Tunisia. Hannibal wa Karthago huku, Scipio wa Roma kule. Na ubavuni mwa Scipio, Masinissa, mfalme wa Kinumidia aliyemletea Mroma wapanda farasi 4,000. Hao ndio waliowafukuza wapanda farasi wa Hannibal waliokuwa mkabala nao, kisha wakarudi pamoja na wenzao wa Kirumi kumpiga Hannibal kwa mgongoni.

Kilichonikaa moyoni ni kwamba walikuwa Waafrika, na mimi nilikuwa nimesoma historia hadi kidato cha sita bila kulisikia jina lao. Nikaanza kusoma. Miaka kumi na sita kabla ya Zama, Wanumidia wengine walikuwa upande wa Hannibal mwenyewe. Kule mto Trebia, Italia, majira ya baridi ya 218 KK, aliwatuma alfajiri wavuke mto wakawachokoze Waroma kambini kwa mikuki ya kurusha. Waroma wakatoka mbio bila kula chochote, wakavuka maji ya kifuani yaliyo baridi kama barafu, wakafika ng'ambo wanatetemeka mbele ya jeshi lililokwisha kula na kujipaka mafuta. Nimeshafanya zamu nyingi bila chai ya asubuhi. Niliwaelewa kabisa kwa nini walishindwa.

Sasa turudi kwa farasi. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, aliandika kwamba farasi wa nchi ile walikuwa wadogo, wepesi, watiifu kiasi cha kuongozwa kwa kijiti, na kwamba wengine walimfuata mtu nyuma kama mbwa bila kuvutwa. Mpanda farasi alikaa mgongoni patupu, hana tandiko, na shingoni mwa farasi mna kamba tu. Vikuku vya kuwekea miguu hakuna aliyekuwa navyo enzi hizo, awe Mgiriki au Mroma, kwa hiyo hapo sikuwa na kazi. Kazi ilikuwa kichwani na mgongoni.

Nilikuwa nimezoea kuona watu klabuni wakigeuza vijisanamu kwa kuongeza: upanga hapa, joho pale, manyoya kwenye kofia. Kuongeza kunasamehe, maana ukikosea unafunika. Kuvua hakuna pa kujificha. Hatamu za plastiki zimechongwa pamoja na shavu la farasi, kitu kimoja, na ukikata mkanda unakata na shavu. Farasi wangu wa kwanza nilimkalia Jumamosi nzima kwa kisu chenye wembe mpya, nikikata kama mtu anayemenya kiazi. Jioni nilikuwa na farasi aliyebonyea upande mmoja. Nikajaza kwa pati, ule udongo laini wa kuzibia unaokauka ukawa mgumu, nikazidisha, na upande huo ukavimba. Binti yangu, ana miaka tisa, alimchukua akamgeuzageuza kwenye mwanga.

"Baba, huyu ana matubwitubwi?"

Alikuwa nayo kweli. Na sikusimama hapo. Hilo ndilo kosa ninalolijutia kuliko yote: nilikuwa na hamu ya kuona kikosi, nikawafanya wanane wote wa awali kwa njia ileile mbovu kabla sijajifunza chochote kwa yule mmoja. Fanya mmoja. Mfanye mpaka mwisho kabisa, rangi na vanishi na kibao cha chini, umweke mezani umwangalie siku mbili. Ndipo umguse wa pili.

Farasi wa tano alinipa alama kwenye dole gumba. Nilikuwa nauvuta wembe kuja kwangu. Nikafika kazini nimefunga kitambaa, wenzangu wakanishona nyuzi tatu huku wakiniuliza nilikuwa napika nini. Nikasema vitunguu. Tangu hapo wembe unakwenda mbali na mkono wangu, na nikiona unaanza kuhitaji nguvu nautupa, maana wembe butu ndio unaoteleza.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa klabuni, fundi wa miaka arobaini ya kazi hii. Alinichukulia farasi mkononi akanionyesha kwamba hukati hatamu, unazikwangua. Unausimamisha wembe wima juu ya mkanda, unauburuta polepole kama unayekwangua magamba ya samaki, na plastiki inatoka vumbi vumbi. Kila ukikwangua mara kumi unasimama unapapasa kwa kidole, kwa sababu kidole kinaona kuliko jicho. Pakiwa sawa na shavu unapitisha msasa laini ulioloweshwa, kisha unapaka gundi ya plastiki kidogo sana kwa brashi. Gundi ile inayeyusha ngozi ya plastiki na kuilainisha, mikwaruzo inajifuta yenyewe. Farasi mmoja dakika ishirini badala ya siku nzima. Nilitaka kulia.

Akanifundisha na jambo la pili: usivue kisichoonekana. Mimi nilikuwa nalichonga tandiko lote la ngozi ya chui mpaka mgongo mtupu, wakati sehemu kubwa yake itakaliwa na mtu. Sasa nilikuwa nakwangua kingo zinazotokeza chini ya mapaja tu, napaka pati nyembamba ya kufuta mstari, basi.

Pati yenyewe ni ya vipande viwili, njano na buluu, ukizikanda pamoja zinatoa kijani. Kanda punje ya njegere, usizidishe, maana saa moja na nusu baadaye inaanza kukakamaa na iliyobaki ni hasara. Lowesha vidole na kijiti, la sivyo itakufuata mkononi na kumwacha farasi. Vifaa maalumu vya kuchongea niliviona vinauzwa kwa bei ya ajabu. Mimi nilitumia kijiti cha meno na sindano iliyochomekwa kwenye kizibo cha chupa, na hadi leo natumia hivyo.

Wapandaji walikuwa tatizo jingine. Miguu ya Wamakedonia wangu ilikuwa mitupu, vizuri, lakini vifua vyao vya shaba visingegeuka kanzu hata kwa dua. Ikabidi ninunue boksi la askari wepesi wa miguu, paundi 26, niwakate kiunoni, na viwiliwili vyao nivibandike juu ya mapaja ya wapanda farasi. Mshono wa kiunoni ulikuwa mbaya, na nikataka kuufunika kwa mkanda. Bahati nzuri nilikuwa nimerudi kwa Strabo: watu wale walivaa kanzu zisizofungwa kiunoni, zenye tarizi pana ukingoni. Kwa hiyo nikaujaza mshono kwa pati na kuacha kitambaa kining'inie. Kwa mtu wa Tanga aliyekua akiwaona wazee wametoka msikitini Ijumaa, kuchonga kanzu inayoning'inia ndiyo sehemu pekee ya kazi hii iliyonijia bila kufundishwa.

Kamba ya shingoni nilianza kwa uzi wa pamba. Usifanye. Ukipaka rangi, nyuzinyuzi zinasimama kama manyoya ya paka aliyeogopa. Nilichoishia nacho ni waya wa ndani ya chaja mbovu ya simu: unachuna ngozi ya juu, unachukua nyuzi mbili za shaba, unazisokota kwa koleo, na unapata kamba iliyosokotwa, ndogo, yenye mikunjo halisi. Chaja moja ilitosha farasi wote. Mikuki ya plastiki nayo niliitupa, inapinda kabla hujaigusa. Nilitoboa ngumi kwa kikeekee cha mkono cha milimita moja, nikachomeka waya wa chuma wenye ncha iliyopondwa kwa nyundo ikawa bapa kama jani. Ni imara sana. Ni imara kiasi kwamba inachoma, na mwenye watoto wadogo afikirie mara mbili.

Nisimulie na maafa.

Katikati ya Novemba nilikuwa na kumi na wawili tayari kwa prima, ile rangi ya kwanza inayoshikiza rangi nyingine. Nilitoka nao bustanini baada ya zamu, saa moja asubuhi, ukungu umelala chini, nikawapulizia prima ya kopo. Nilikuwa na haraka, nataka kulala. Nilipoamka saa nane mchana walikuwa na ngozi ya chenga chenga, kama wamemwagiwa unga wa sembe. Unyevunyevu ulikuwa umeshika rangi hewani kabla haijatua. Uso niliokwangua kwa wiki tatu ukawa umepotea.

Hapo mtu mwenye akili angemuuliza mzee. Mimi nilikwenda bafuni nikachukua chupa ya mke wangu ya kuondolea rangi ya kucha, nikaimimina kwenye kikombe, nikawatumbukiza farasi wawili. Prima ilitoka vizuri ajabu. Dakika kumi baadaye hata farasi walikuwa wanatoka. Asetoni inaila plastiki ngumu: miguu ilikuwa imelainika kama mshumaa, shingo ya mmoja imelala ubavuni, mdomo umefunguka kama anayelia.

"Baba watoto," mke wangu akaita kutoka chumbani, "dawa yangu ya kucha iko wapi?"

"Imeisha," nikasema.

"Jana ilikuwa imejaa."

Sikuwa na la kuongeza. Nilimnunulia nyingine, na hiyo sikuiweka kwenye hesabu ya 125. Wale kumi waliobaki niliwasafisha kwa spiriti ya kusafishia, siku nzima kwenye chupa ya jamu na mswaki wa zamani. Hiyo inatoa rangi bila kuigusa plastiki, ila nayo ijaribu kwanza kwenye kipande usichokihitaji cha ile fremu ya plastiki iliyoshika vijisanamu boksini. Spiriti na makopo ya kupulizia vyote vinahitaji dirisha wazi.

Siku hizi naosha vijisanamu kwa maji ya vuguvugu na sabuni kwanza, kwa sababu plastiki hutoka kiwandani na utelezi. Nasubiri siku kavu. Nalipasha kopo kwenye maji ya vuguvugu, vuguvugu tu, kopo si la kuwekwa karibu na moto. Nalitikisa dakika mbili nzima kwa saa, kisha nampulizia mmoja peke yake. Akikauka salama ndipo wengine wafuate.

Rangi ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko vyote, na bado si mzuri. Nilichokuja kukielewa ni kwamba watu huangalia farasi kabla ya mtu, kwa sababu farasi ni mkubwa, na mimi nilikuwa nimepanga kumalizia nguvu kwenye nyuso. Farasi wangu wa mwanzo walikuwa wa kahawia mwili mzima, singa za shingoni kahawia, miguu kahawia, wote mithili ya ndugu wa tumbo moja. Jumapili moja niliwachukua watoto tukaenda kwenye shamba la farasi nje ya mji, nikasimama uani saa nzima na daftari. Farasi mwekundu-kahawia wa kawaida ana singa nyeusi, mkia mweusi, na miguu myeusi kuanzia gotini kushuka, kana kwamba amepita kwenye tope. Mwenye rangi ya shaba, singa zake ni za rangi ya mwili wake au zimepauka. Na farasi mweupe karibu hayupo. Tunaowaita weupe kwa kawaida ni wa kijivu ambao huzaliwa na rangi nyingine, kama nyeusi au kahawia, na kupauka mwaka hadi mwaka, na pua zao hubaki na ngozi nyeusi.

Kwa hiyo wa kijivu nawaanza kwa kijivu kizito, halafu natumia brashi kavu: unachovya, unafuta karibu rangi yote kwenye karatasi ya jikoni, unapitisha juu juu mpaka misuli iibuke yenyewe. Wanapendeza haraka, na ukiwa mgeni anza nao. Wa kahawia wanahitaji mikono mitatu ya rangi nyembamba, iliyochanganywa na maji hadi iwe kama maziwa. Kila mara nilipoona uvivu nikapaka mkono mmoja mzito, rangi ilijaa mikunjoni na ile kazi yote ya kukwangua ikazikwa. Sikumpaka farasi yeyote mboni. Jicho jeusi na nukta nyeupe ya ncha ya sindano linatosha, ukizidisha anaonekana ameshtuka.

Kisha ikaja ngozi ya wapandaji, na hapa nilikuwa na shauku yangu. Nilitaka wafanane nami. Mzee akaniambia kwa upole kwamba Wanumidia ni mababu wa Waamazigh, yaani Waberber, wa Algeria na Tunisia za leo, na kwamba wachoraji wengi hapa huwapaka kama Wahispania waliochomwa na jua. Hakuwa na makosa, lakini sikuridhika. Nikapanda treni kwenda London, jumba la makumbusho la Victoria and Albert, ambako kuna nakala ya plasta ya Nguzo ya Trajan, mnara wa ushindi wa kaizari wa Roma uliochongwa picha za vita, imekatwa vipande viwili kwa sababu paa halikutosha. Nguzo yenyewe ilikamilika Roma mwaka 113, na ina wapanda farasi wa Kimauri, majirani wa Wanumidia, bila hatamu, kamba shingoni, nywele zimesukwa mafungu mafungu. Ni ya miaka mia tatu baada ya Zama, na si watu walewale hasa. Lakini ndiyo picha ambayo kila mtu wa kazi hii huitegemea. Shingo iliniuma kwa kutazama juu, nikaishia kupiga picha na kuzikuza simuni. Plasta haina rangi. Haikuniambia chochote kuhusu ngozi. Ila nywele zile nilizijua, dada zangu wamesukwa hivyo utotoni.

Nikachanganya kahawia tano, kuanzia ya chai ya maziwa hadi ya kahawa tupu, nikawagawanya bila mpango, kama watu wanavyokuwa kwenye daladala moja. Kila kichwa nikakiongezea mafundo ya nywele kwa pati. Sijawahi kupingwa mezani.

Vibao vya chini nilivikata milimita 60 kwa 40, farasi wawili kila kimoja, kufuata kanuni tunazochezea. Nilichosahau ni kwamba farasi anayekimbia ni mrefu kuliko hizo 40. Pua zinatokeza mbele, mikia nyuma, na ukipanga vibao viwili kwa mstari, farasi wa nyuma anamnusa wa mbele mahali pasipo na heshima. Mikuki nayo inasokotana. Kabla ya kubandika, waweke kwa nta laini, sogeza vibao vyako vyote pamoja, ona nani anamchoma nani. Mimi niliwang'oa wanane baada ya gundi kukauka, na watatu walibakiza kwato kwenye mbao.

Mwezi wa Mei walitoka kwa mara ya kwanza. Nilishindwa. Wanumidia hawasimami kupigana ana kwa ana. Wanarusha, wanakimbia, wanarudi, na mimi baada ya miezi saba sikuwa na moyo wa kuwakimbiza, nikawasimamisha mbele ya Waroma ili waonekane. Walionekana kwa zamu mbili.

Wale wawili walioyeyuka sikuwatupa. Niliwalaza kwenye kibao chao, nikawazungushia mchanga na ngao iliyovunjika, wakawa alama ya mahali kikosi kilipovunjikia. Mpinzani wangu aliwapita wale ishirini na wawili wote, na hatamu nilizozikwangua na kamba za chaja, akainama juu ya wale wafu wawili kwa muda mrefu. Akaniuliza ile shingo iliyolegea na ule mdomo nilivipataje, nilitumia ufundi gani.

"Dawa ya kucha ya mke wangu," nikamwambia.

Akacheka, akadhani natania.